Siku ya Tatu Imepita, Jembe Liko Wapi?

Pwani nzima inaijua methali hii: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitoa kwa utani mgeni akizidisha kukaa, na wengi wetu tumezoea kuisikia kama njia ya adabu ya kumwambia mtu afunge virago. Hebu isome tena. Haisemi siku ya tatu mfukuze. Haisemi mtafutie nauli ya basi. Inasema mpe jembe, yaani mpeleke shambani, muonyeshe mpaka, mwambie udongo huu unataka nini na hauvumilii nini. Aliyepewa jembe hahesabiwi tena kuwa mgeni. Anakula jasho lake, na mavuno yakigawanywa ana neno la kusema.

Sasa ingia darasa lolote la shule ya msingi kati ya Mtwapa na Malindi. Utamkuta mtoto ambaye babake alitoka Machakos kuja kupika hotelini. Utamkuta ambaye mamake alishuka kutoka Ganze baada ya mvua kukataa msimu juu ya msimu, akaanza kufulia watu nguo Kilifi mjini. Utamkuta mjukuu wa mvuvi Mpemba, wa ile jamii iliyokaa ufuo huu miaka na miaka bila vitambulisho hadi serikali ilipoitambua kuwa ya Wakenya mwaka 2023. Utamkuta wa Siaya, wa Garsen, wa Murang'a. Wengine walikuja wakiwa mgongoni, wengine wamezaliwa hapahapa. Siku yao ya tatu ilipita zamani. Na badala ya jembe tumewapa karatasi ya manila, gundi, na kazi ya kuunda sanamu ya kutishia ndege katika shamba ambalo halipo.

Kama una mtoto, mdogo wako au mpwa aliyepitia CBC, unaijua hii kazi. Gredi ya Nne, somo la kilimo, watoto kwa vikundi watengeneze "skeakro". Picha zake zilizunguka mitandaoni watu wakacheka mbavu zao zote: sanamu zenye suti, sanamu zenye miwani, sanamu zinazofanana na mjumbe wa bunge wa mtaa fulani. Mimi sikatai kucheka. Lakini kicheko kile kilitupitisha kando ya swali lenyewe. Tulicheka sura ya sanamu, hatukuuliza inalinda nini.

Wazo lenyewe la kufundisha kilimo kwa kazi ya mikono, tena kwa pamoja, ni zuri, na wanaolibeza kwa sababu ni la CBC wanakosea. Mtoto akichagua fito mwenyewe, akafunga fundo likafunguka, akafunga tena na mwenzake likashika, amejifunza kitu ambacho hakimo ubaoni. Mfumo wa 8-4-4 nao ulianza mwaka 1985 na ahadi hiyohiyo: kilimo, useremala, sanaa na kazi za mikono. Baadaye kazi hizo zikapunguzwa moja moja hadi zikatoka kwenye mtihani wa darasa la nane, na jembe likabaki shuleni kwa shughuli moja tu, adhabu. Ukipiga kelele, kalime. Ukichelewa, kalime. Kizazi kizima cha Wakenya kimefunzwa kwamba shamba ni mahali pa mtu aliyekosea, halafu tunashangaa kwa nini vijana hawataki kilimo.

CBC, ambayo wakubwa sasa wanaiita CBE, ilikuja kurekebisha hilo. Kilimo kimerudi darasani, na sasa kimeunganishwa na lishe kuwa somo moja. Mwaka 2021 hata vilabu vya 4K vilizinduliwa upya, vile vya tangu miaka ya 1960 ambavyo jina lake ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kwenye karatasi tuko sawa kabisa. Kwenye udongo, kazi imegeuzwa kichwa chini miguu juu.

Sanamu ya kutishia ndege ni jibu. Swali lake ni ndege. Mtama unapoanza kushika maziwa, kabla punje haijakauka, makundi ya kweleakwelea yanashuka na kabla ya jua kuwa kali nusu ya jasho lako imeruka nao. Mtu aliyeona hivyo anakimbilia shati kuukuu na fito mbili bila kuambiwa na mwalimu. Asiyeona anatengeneza mdoli mkubwa. Tunampa mtoto jibu la swali ambalo hajawahi kuulizwa, halafu tunampa alama kwa uzuri wa jibu.

Na tunajua inavyokwenda. Jumapili jioni grupu ya WhatsApp ya wazazi inawaka moto: nani ana kofia ya zamani, nani ana nyasi kavu, hivi hizo nyasi zinauzwa wapi? Mwenye pesa anamwita fundi wa mtaani, sanamu inakamilika mtoto akiwa amelala. Jumatatu inapanda tuktuk pamoja na mtoto. Inapigwa picha, picha inapakiwa, alama zinatolewa. Ijumaa sanamu inasaidia kuwasha moto wa jikoni. Asiyekuwa na pesa analeta fito na gunia na kupata alama ya chini, ilhali ndiye pekee aliyeifanya kwa mikono yake. Humo kilimo hakimo. Kilichomo ni mashindano ya wazazi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Hapa Pwani tuna elimu nzima ya kulinda mazao, na ina jina. Inaitwa kuamia. Ni kitenzi kamili, kimo kwenye kamusi: kuwalinda ndege wasile nafaka shambani. Anayeamia anakaa juu ya dungu, ulingo wa miti ulioinuliwa, wenye paa dogo la makuti la kumkinga na jua. Ana teo mkononi na lundo la mawe pembeni. Wengine hutandaza kamba kutoka dunguni hadi pembe za shamba, kamba imefungwa makopo, ukivuta upande mmoja shamba zima linapiga kelele. Hiyo ndiyo kazi ya pamoja. Dungu halijengwi na mtu mmoja, na zamu haikaliwi na mtu mmoja. Mtoto wa Kilifi mwenye umri wa miaka kumi leo anajua neno skeakro. Muulize dungu ni nini. Muulize mwalimu wake.

Kitabu cha shule hakina kosa kwa kuandikiwa nchi nzima. Kosa ni letu tunaokifungua Malindi na kukisoma kana kwamba tuko Trans Nzoia. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo palepale Mtwapa, cha KALRO, ambacho watafiti wake walizalisha mbegu za mahindi za Pwani Hybrid, PH1 na PH4, kwa ajili ya joto na mvua za huku. Kuna mzihana, mahindi ya kienyeji ambayo wakulima wa Kimijikenda wameyachagua wenyewe, mbegu kwa mbegu, na kuyahifadhi darini juu ya moto ili moshi uwafukuze dumuzi. Matatu za kutoka Mombasa zinapita karibu na kituo kile mchana kutwa, zikiwa na watoto wa shule ndani wanaoenda kununua karatasi ya manila.

Sasa nakuja kwa neno ambalo ndilo chanzo cha kuandika haya: mgeni. Katika siasa zetu neno hili lina mtu wake. Mgeni ni mbara. Ndiye aliyekuja kuchukua kazi, ploti na viti vya kaunti. Na mbara naye ana neno lake kwetu, ambalo unalijua: Wapwani ni wavivu, wana ardhi na hawailimi, wanakaa chini ya mnazi kungoja nazi ianguke. Maneno haya mawili yanakaa dawati moja kila asubuhi, katika vichwa vya watoto wawili ambao hawajawahi kushika jembe pamoja.

Tuanze na hilo la mgeni. Wamijikenda wenyewe husimulia kwamba walitoka Singwaya, kaskazini, wakashuka hadi kwenye makaya yao. Wagiriama walivuka mto Sabaki kuelekea kaskazini mwishoni mwa karne ya 19, wakafungua mashamba mapya na kuuza nafaka. Malindi yenyewe ilikuwa magofu na vichaka hadi ilipofufuliwa katika miaka ya 1860, na waliolima mtama na ufuta uliosafirishwa Uarabuni walikuwa watumwa, watu walioletwa kwa nguvu kutoka mbali. Waliotoroka miongoni mwao, watoro, walijenga vijiji vyao bara ya Malindi na Takaungu, kama Fuladoyo, wakalima na kuishi na majirani Wagiriama. Kwa hiyo ukitafuta mtu wa kwanza, asiye na safari nyuma yake, utatafuta sana. Ufuo huu umejaa watu waliofika, na waliokuwa wenyeji walikuwa wenyeji kwa sababu walilima na kuzika wafu wao hapa.

Kisha ikaja karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ule ukanda wa maili kumi wa Sultani kujitokeza na kudai ardhi zao kwa maandishi. Waliojua ofisi walidai. Wamijikenda wengi waliachwa nje, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Miaka michache baadaye Waingereza wakawataka Wagiriama waache mashamba yao ya kaskazini ya Sabaki na watoe vijana wa kwenda kufanya kazi za vibarua. Mekatilili wa Menza alipolikataa hilo mwaka 1913, alikuwa anatetea jambo ambalo tumelisahau tunapomchongea sanamu: haki ya mtu kulima chake badala ya kulima cha mwenzake. Walimpeleka Kisii, akatoroka, akarudi kwa miguu. Agosti 1914 vita vikalipuka, na Kaya Fungo ikabomolewa kwa baruti.

Ndiyo sababu Kilifi kuna njia mbili za kuwa mgeni. Ya kwanza ni kuja. Ya pili ni kukaa palepale ulipozaliwa babu yako, mtu mwingine akapata hati, ukaamka skwota. Mtoto wa mbara aliyepanga chumba Mtwapa na mtoto wa Mgiriama anayeishi kwenye shamba la mwenye hati asiyemjua wana hali moja: hakuna kati yao mwenye udongo wa kuuita wake. Tumewafundisha kuangaliana kama maadui. Hatujawafundisha hata kupanda kunde pamoja.

Na hilo la uvivu je? Nenda Magarini, kaskazini mwa Malindi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 serikali, kwa msaada wa Australia, iliendesha mradi mkubwa wa kuwapa watu makazi na kuwafundisha kilimo cha kisasa cha nchi kavu. Wataalamu walikuja, mashine zikafyeka vichaka, ploti zikapimwa kwa mistari iliyonyooka. Waliofundishwa walikuwa Wagiriama, watu waliokuwa wakiilisha nchi hiyo kabla mtaalamu hajazaliwa, na ambao walikuwa na njia yao ya kulihamisha shamba ili udongo upumzike. Maji yakawa shida, udongo ukachoka, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 mradi ulikuwa umeshindwa. Mwaka 1991 kilitoka kitabu kizima kueleza jinsi nia njema ilivyopotea njia. Halafu mwaka 2014 tukaanza tena, Galana-Kulalu, shamba la mfano la ekari 10,000 na mkandarasi kutoka Israel, na ahadi kwamba unga utashuka bei. Unga unaujua bei yake.

Somo la Magarini ni lilelile la sanamu yetu ya kutishia ndege. Ukifundisha kilimo bila kumuuliza anayelima pale, unachofundisha ni mchoro wa kilimo. Mashine au manila, ni mamoja.

Nataka nini basi? Nataka kitu kidogo kiasi kwamba hakina kisingizio. Kila shule ya msingi ya Kilifi iwe na kipande kimoja cha udongo na msimu mmoja wa kweli. Masika ya hapa huanza karibu na Aprili na kushika kasi Mei, muhula wa pili nao hufunguliwa papo hapo. Kunde na pojo hazingoji sana, na mahindi mabichi ya kuchoma yanaweza kuwahi kabla ya shule kufungwa Agosti. Watoto wapangwe vikundi vilivyochanganywa makusudi, wa hapa na wa kuja, si kwa majirani wala kwa marafiki. Na kazi za mikono zifuate shamba, zisilitangulie. Ndege wakija, ijengwe dungu. Dungu likitaka paa, wasuke makuti: makuti ya viungo kwa paa, ya kumba kwa ua. Mboga zikitaka kubebwa, wasuke pakacha. Kamba ikihitajika, makumbi ya nazi yapo, yanatupwa kila siku nyuma ya jikoni. Hapo mtoto atafunga fundo kwa sababu likifunguka paa litamwangukia kichwani, na hakuna mzazi atakayeweza kumfungia kwa WhatsApp.

Usidhani mtoto wa kuja atakuwa mwanafunzi tu. Babu wa yule wa Machakos anajua makinga maji. Ile mbinu ya kuchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu imetoka Ukambani na jina lake hata wageni wa ng'ambo wanalitamka kwa Kiswahili, fanya juu. Bibi yake anasuka kiondo kwa mkonge. Na mkonge si tunao? Vipingo yote imevaa mkonge, safu kwa safu mpaka jicho lichoke. Muweke mtoto huyo na mwenzake ambaye nyanyake anasuka ukili wa miyaa, uwape kazi ya kutengeneza kikapu kimoja cha kuvunia: mwili wa ukili, mikono ya mkonge. Watabishana. Watakosea. Mmoja atamcheka mwenzake kwa jinsi anavyotamka. Lakini mwisho watabeba kunde zao kwenye kitu ambacho hakuna kati yao angekiweza peke yake, na hilo ni somo la uraia kushinda wimbo wowote wa sikukuu ya Madaraka.

Najua majibu yatakayokuja, nimeyasikia barazani na kwenye matatu. Mzazi wa kwanza atasema: mimi sikuhamia huku ili mtoto wangu awe mkulima, nalipa karo awe daktari. Sawa mama, na awe daktari. Daktari wa Kilifi atawatibu watoto wenye utapiamlo ambao kwao kuna ardhi na hakuna mvua, na asipojua kwa nini mahindi yamekataa lakini muhogo umekubali, ataandika dawa tu. Isitoshe, hebu hesabu wangapi kati ya waliomaliza shule mtaani kwako wameajiriwa. Mtoto anayejua kupanda hapotezi chochote kwa kujua.

Wa pili atasema ardhi hakuna. Hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu shule nyingi za umma nchini hazina hata hati za viwanja vyake, na uwanja wa mpira unaamka asubuhi una ukuta wa mtu. Lakini uwanja wenye mihogo ya watoto na dungu katikati ni mgumu zaidi kuumeza kuliko uwanja mtupu. Anayenyakua anapenda kusema palikuwa hapatumiki. Na pale ambapo kweli hakuna hata hatua kumi, magunia ya udongo kando ya ukuta yanatosha kwa msimu wa kwanza.

Wa tatu hasemi kwa sauti, ila ndiye ninayemwogopa zaidi. Anasema: mnawafundisha wabara udongo wetu ili waje watunyang'anye vizuri. Ndugu yangu, ardhi ya Pwani haikuchukuliwa na watu wenye jembe. Ilichukuliwa kwa kalamu, mwaka 1908 na kila muongo baada ya hapo, na baadhi ya waliotia sahihi walikuwa na majina kama yangu na yako. Mwenye hati ya ekari mia tano haijui ladha ya kunde. Mtoto aliyepanda, akapalilia, akaona jua la Februari linavyoua mche, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuelewa kwa nini skwota hataki kuhama. Ukitaka mshirika katika vita vya ardhi, mlee. Ukimnyima jembe, ukubwani atanunua ploti kwa simu, na ukuta utajengwa bila yeye kukujua jina.

Wa nne ni ofisi. Atasema hakuna bajeti, na kwamba kilimo ni cha kaunti lakini shule za msingi ni za serikali kuu. Ni kweli, katiba ya 2010 imegawa hivyo. Ndiyo maana bwana shamba wa wadi anapita mbele ya geti la shule kwa pikipiki ya kaunti na haingii, na mwalimu wa kilimo ndani ya geti hamjui kwa jina. Kuwakutanisha hao wawili mara mbili kwa muhula hakuhitaji kubadilisha katiba. Kunahitaji barua moja na mafuta ya pikipiki.

Na walimu wa hii kazi tunao. Ni wazee. Hapa lazima tuseme jambo ambalo magazeti huliandika kisha sisi tukageuza ukurasa. Kilifi ni mahali ambapo wazee wanauawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba ambalo mtu analitaka. Wengine wamekimbilia kituo cha Kaya Godoma kule Ganze, wakiacha nyumba zao kwa kuogopa watoto wao wenyewe. Mvi, ambazo zilikuwa heshima, zimekuwa hukumu. Vichwa hivihivi ndivyo vinavyojua mbegu gani huvumilia chumvi, mvua ipi ni ya kudanganya, na kuti gani halivuji. Tunazika maktaba na kuita usalama.

Mlete mzee huyo shuleni. Mpe kiti, mpe chai, mpe posho kama unavyompa mtoa mada wa warsha ya hotelini, aketi chini ya mwembe akiwafundisha watoto thelathini kukunja kuti. Mtoto aliyesuka paa la dungu akiwa ameketi miguuni pa babu hatakuwa mwepesi kuokota jiwe siku mtu atakapomnyooshea huyo babu kidole. Sisemi kwamba somo la makuti litamaliza mauaji. Nasema mtoto ambaye hajawahi kumwona mzee akijua kitu ana sababu moja pungufu ya kumwacha aishi.

Wala usinielewe kwamba naota zamani nzuri. Zamani ile ilikuwa na njaa, na ilikuwa na watumwa mashambani Malindi. Jembe si utakatifu. Kuna watoto Magarini na Ganze wanaokosa shule kwa sababu ya jembe, na hao wanahitaji kitabu kwanza. Ninachosema ni kwamba tukiamua kufundisha kilimo, na tumekwisha amua, kimo kwenye mtaala, kina alama, kina vitabu vinavyouzwa kwa pesa za wazazi, basi tukifundishe mahali tulipo, kwa mikono ya watu waliopo, na tusimwache nje mtoto yeyote kwa sababu ya mahali basi lilipomtoa babake.

Methali ilishatupa utaratibu. Siku mbili za kumkaribisha, ya tatu jembe. Sisi tumekwama siku ya pili kwa miaka sitini: tunamkaribisha mgeni akinunua, tunamtukana akipiga kura, na kati ya hayo mawili hatumpeleki shambani. Watoto wake na wetu wanakua pamoja bila kitu cha kushika pamoja.

Muhula wa pili ukifunguliwa, pitia shule iliyo karibu nawe. Si lazima uwe mzazi. Piga hodi ofisini, salimia, uliza shamba la watoto liko wapi. Ukionyeshwa sanamu iliyovaa koti, nzuri, imesimama kwenye simiti, usicheke na usipige picha. Uliza inamtishia nani.